Njia haijafunguka, usisukume

Malalamiko yanayotufikia kutoka kwa ndugu wa kina mama wanaojifungua hapa Moshi yanafanana: "Mgonjwa wetu alitaka kusukuma, nesi akamkatalia." Ni kweli alikatazwa. Njia, yaani mlango wa kizazi, isipofunguka hadi sentimita 10, mtoto hana pa kupita. Anayesukuma akiwa na sentimita 8 anausukuma mlango wa kizazi wenyewe: unavimba, pengine unachanika, na saa ya kazi inamkuta hana nguvu.

Njia hupimwa kila baada ya saa 4 na kujazwa kwenye chati ya uchungu. Kutopimwa katikati ya hapo si kutelekezwa. Kila kipimo cha ndani kinaweza kupandisha vijidudu kwenye kizazi. Mapigo ya moyo ya mtoto husikilizwa kila nusu saa, na wakati wa kusukuma kila dakika 5. Ya kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika.

Njia ikishafunguka yote, mama huhisi kubanwa haja kubwa. Asukume uchungu unapokuja, apumzike ukiachia. Choo kikitoka kinafutwa, basi. Anayejibana kwa aibu anamchelewesha mtoto. Si lazima alale chali. Aweza kulala ubavu, kuchuchumaa au kupiga magoti.

Uzazi wa kwanza, hatua hii huweza kufika saa 3; aliyekwisha kuzaa, saa 2. Tafadhali, mama wa dakika 40 msimwite mvivu wa kusukuma.

Kichwa kikitokeza na kisirudi tena ndani, mama husikia kuwaka kama amepakwa pilipili. Hapo ataambiwa, "Acha kusukuma, hema." Atii: mdomo wazi, pumzi fupifupi, huku mkunga amekinga msamba kwa kitambaa safi na vidole vya mkono wa pili vimetulia juu ya kichwa. Kikitoka taratibu, msamba hauchaniki sana. Kuongezewa njia, yaani kukatwa msamba kidogo, ni pale inapobidi, kwa sindano ya ganzi, wala si sharti la kila uzazi wa kwanza.

Ndugu anayeruhusiwa kuingia asimkandamize mama tumbo. Kizazi kinaweza kupasuka. Hatari hiyohiyo imo kwenye mitishamba ya kuongeza uchungu inayoingizwa wodini kwenye chupa ya chai. Haina kipimo. Uchungu huja mfululizo bila kuachia, na mtoto hukosa hewa. Aliyekwisha kuinywa amwambie mkunga kabla hajawekewa dripu ya uchungu, maana viwili hivyo vikikutana mwilini tunaweza kuwapoteza wote wawili.