Je, wajua? Kwa nini ua wa hibiskasi ulimvua mkuu wa Samoa jina lake

Mwaka 1924, katika kijiji cha Vaimoso nje kidogo ya mji wa Apia, Samoa, visiwa vya Pasifiki, kijana wa miaka ishirini na kitu aliamriwa ang'oe ua wa hibiskasi aliokuwa ameupanda kwenye kiwanja cha ukoo. Ua wa maua, kama Kiswahili kinavyotuchezea. Akakataa. Huku kwetu ugomvi wa ua huishia kwa wazee, au kwa balozi wa nyumba kumi siku zile alipokuwa na nguvu. Huu ulifika hadi kwa Mtawala wa visiwa hivyo aliyewekwa na New Zealand, Jenerali George Richardson, na kijana akafukuzwa kijijini kwake. Alipoendelea kukaidi, alivuliwa jina. Mbele ya serikali hakuwa tena Tupua Tamasese.

Serikali inamvuaje mtu jina? Na kwa nini ijisumbue?

Samoa, jina la namna hiyo huitwa suafa, na lina umri mkubwa kuliko mtu yeyote aliye hai. Kila ukoo, yaani aiga, una jina lake moja au zaidi. Ndugu wakikubaliana nani alibebe, hufanyiwa sherehe ya saofa'i, hunyweshwa 'ava, kinywaji cha mizizi cha sherehe, na tangu hapo yeye ni matai. Hata shangazi aliyemlea humwita kwa jina jipya. Ndani ya nyumba ya mkutano, isiyo na kuta, kila matai ana nguzo yake ya kuegemea kulingana na hadhi ya jina lake. Ukiegemea nguzo isiyo yako umetukana watu. Matai ndiye huketi kwenye fono, baraza la kijiji, na ndiye hugawa mashamba ya ukoo, ingawa ardhi si mali yake. Ardhi inaandamana na jina. Kwa hiyo mgeni akitaka ardhi, au kodi, au utulivu tu, njia zote zinamfikisha kwenye majina.

Wazungu waligundua hilo mapema, tena kwa hasara. Mkataba wa Berlin wa 1889, kati ya Ujerumani, Uingereza na Marekani, ulimpa jaji mgeni mamlaka ya kuamua nani awe mfalme wa Samoa. Mfalme Malietoa Laupepa alipofariki 1898, wengi walimtaka Mata'afa Iosefo. Jaji Mkuu, Mmarekani William Chambers, akaamua tarehe 31 Desemba 1898 kwamba mfalme ni Tanumafili, mtoto wa marehemu, aliyekuwa bado mwanafunzi wa shule ya misheni. Siku chache tu, vita. Kufikia Machi 1899 meli za kivita za Uingereza na Marekani zilikuwa zinapiga mizinga Apia na vijiji vya jirani.

Suluhisho lao lilikuwa kufuta ufalme na kugawana visiwa: vya magharibi kwa Ujerumani, vya mashariki kwa Marekani. Uingereza ilijitoa na kufidiwa kwingine. Msomaji wa Unguja huenda hajui kwamba kisiwa chake kimo ndani ya biashara hiyo: katika makubaliano ya Novemba 1899, Ujerumani ilikubali kuachia haki ya raia wake kutohukumiwa na mahakama za Zanzibar, kwa sharti kwamba mataifa mengine nayo yaachie. Visiwa vya Pasifiki vikipimwa mizani moja na Zanzibar.

Gavana wa kwanza Mjerumani, Wilhelm Solf, naye alikuwa amepitia kwetu. Mwaka 1898 alikuwa jaji Dar es Salaam kabla ya kupelekwa Samoa. Na naibu wake wa mwanzo kule, Heinrich Schnee, ndiye aliyekuja kuwa gavana wa mwisho wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Lakini Solf hakutawala Samoa kwa akida na kiboko cha kodi kama tunavyousikia utawala wa Wajerumani huku. Hakuwa na jeshi la maana. Alichokuwa nacho ni subira na daftari.

Solf alimpa Mata'afa cheo cha Ali'i Sili, mkuu wa juu. Cheo cha Tupu Sili, mfalme wa juu, kikabaki cha Kaisari aliyekuwa Berlin. Kisha mwaka 1903 akaunda Tume ya Ardhi na Majina. Ukigombea jina na binamu yako, usishike rungu. Njoo na nasaba yako na mashahidi, utasikilizwa. Hata mimi ningeona ni jambo la busara. Erich Schultz, mwanasheria aliyemrithi Solf kama gavana, alikijua Kisamoa vizuri kiasi cha kukusanya methali zake. Kwa maoni yangu hapo ndipo ujanja ulipolala: mkoloni hakuyafuta majina, aliyaweka kwenye jalada lake. Jina lililoamuliwa na mgeni, mgeni mwingine anaweza kulifuta.

Wa kwanza kuling'amua walikuwa wasemaji, wale matai wa makundi ya Tumua na Pule ambao tangu zamani kazi yao ilikuwa kutunuku majina makubwa kabisa ya nchi. Solf aliwapokonya nguvu hiyo mwaka 1905. Mmoja wao, Lauaki Namulau'ulu Mamoe wa Savai'i, akaongoza upinzani, na mwaka 1909 akapelekwa uhamishoni kisiwa cha Saipan pamoja na wenzake na familia zao. Alifariki 1915 akiwa njiani kurudi nyumbani. Mata'afa alipofariki 1912, nafasi yake haikujazwa. Waliteuliwa washauri wawili tu.

Sasa, uhamiaji unaingiaje hapa? Kwa mlango wa shamba. Kwa kuwa ardhi ya Wasamoa ilibaki chini ya majina yao, hakuna Msamoa aliyelazimika kwenda kuokota nazi za mtu kwa ujira. Alikuwa na migomba yake na mimea yake ya taro. Wenye mashamba makubwa ya minazi na kakao wakalalamika, na Solf badala ya kuwalazimisha Wasamoa akafungua bandari kwa vibarua wa mkataba kutoka China. Meli ya kwanza ilifika 1903, mwaka uleule wa Tume, na hadi 1913 walikuwa wameletwa karibu 4,000. Mtu wa mkataba alitakiwa afanye kazi, amalize muda wake, arudi kwao. Ardhi asinunue. Duka asifungue.

Moyo, hata hivyo, hausomi mkataba. Watoto walizaliwa, wa Wachina na wa Wazungu, na kila mtoto alikuwa swali: huyu anaweza kubeba jina la ukoo wa mama yake, au hawezi? Solf, sasa akiwa waziri wa makoloni, alipiga marufuku ndoa za Wazungu na wenyeji wa Samoa Januari 1912, miaka sita baada ya marufuku ya namna hiyo Afrika Mashariki ya Kijerumani. Bunge la Ujerumani halikuipenda amri hiyo.

New Zealand iliiteka Samoa Agosti 1914 na haikulegeza kamba. Wachina wengi walirudishwa kwao; mwaka 1917 Kanali Robert Logan, mtawala wa kijeshi, aliwakataza kuingia nyumba za Wasamoa, na sheria ya 1921 ikaharamisha ndoa zao na wanawake wa Kisamoa. Huku mlango huo ukilindwa hivyo, tarehe 7 Novemba 1918 meli Talune kutoka Auckland iliachwa itie nanga na wagonjwa wa mafua bila karantini. Takriban mtu 1 kati ya 5 alikufa, wakiwemo wajumbe wengi wa baraza la matai lililoshauri serikali. Majina mengi yalibaki bila wabebaji kwa mpigo mmoja.

Ndipo ikaja sheria ya 1922 iliyompa Mtawala uwezo wa kumfukuza Msamoa yeyote kijijini na kumvua jina, bila kesi. Richardson aliitumia kwa makumi ya watu. Kwa machotara kulikuwa na mtego mwingine: daftari la hadhi, lililoandika nani ni Mzungu na nani ni mwenyeji. Olaf Nelson, tajiri aliyezaliwa Safune kwa baba Mswidi na mama Msamoa, alibeba jina la Taisi, lakini kwenye karatasi alikuwa Mzungu. Alipounga mkono Mau, vuguvugu lililopinga kwa amani utawala wa New Zealand, aliambiwa ni mgeni anayechochea wenyeji, na mwaka 1928 akahamishwa kwa miaka 5 kutoka nchi aliyozaliwa.

Kijana wa ule ua alikuwa kiongozi wa Mau kufikia wakati huo, na wafuasi wake hawakuacha kumwita Tamasese. Tarehe 28 Desemba 1929 polisi walifyatulia risasi maandamano mjini Apia. Alipigwa akiwa anawasihi watu wake watulie, na akafa. Mwaka 1936 serikali mpya ya Labour kule Wellington iliitambua Mau na kumruhusu Nelson, aliyekuwa amehamishwa tena mwaka 1934, arudi. Msamaha rasmi wa New Zealand ulitolewa 2002.

Samoa ilipojitawala 1962, kura ilikuwa ya matai, isipokuwa wachache wenye daftari lao la wapiga kura, wengi wao wa ile hadhi ya Mzungu. Matokeo unaweza kuyakisia: koo zilianza kugawa majina kama njugu ili zipate wapiga kura, hadi Wasamoa wenyewe wakawapa wabebaji hao jina la kejeli, matai palota, wakuu wa karatasi ya kura. Kura ya maoni ya 1990 iliwapa watu wazima wote haki ya kupiga kura, ila kugombea ubunge bado ni lazima uwe na jina.

Na ile tume ya Solf? Ipo, sasa ikiitwa Mahakama ya Ardhi na Majina. Kesi husikilizwa kwa Kisamoa, na mawakili hawaruhusiwi: kila ukoo unajisemea.