Je, wajua kwa nini krimu moja ya ugonjwa wa ngozi uitwao soriasisi haifai kupakwa kila mahali mwilini?

Mwaka 1967 watafiti wawili wa Marekani, Feldmann na Maibach, walipaka haidrokotisoni, dawa ya jamii ya steroidi, kwenye sehemu mbalimbali za mwili, kisha wakapima kwenye mkojo ni kiasi gani kilipenya. Wakichukua ngozi ya mkono, chini ya kiwiko, kama kipimo cha 1, paji la uso lilipitisha dawa mara 6, taya mara 13 na mfuko wa korodani mara 42. Unyayo ulipitisha sehemu moja tu ya saba. Dawa ni ileile na mtu ni yuleyule, ila ngozi ya hapa si ngozi ya pale.

Mtu mwenye soriasisi ya mabaka anapaswa kuyajua haya tangu siku anapokabidhiwa tyubu ya kwanza. Ugonjwa huu hauambukizi. Ni kinga ya mwili inayoichokoza ngozi pasipo sababu. Seli za juu, ambazo kwa kawaida huchukua takribani mwezi kukua na kubanduka, hukimbizwa zikamaliza safari hiyo kwa siku chache. Zinarundikana na kuwa baka nene lenye magamba, mara nyingi kwenye viwiko, magoti, kichwani na kiunoni. Kwenye ngozi nyeupe baka huwa jekundu. Kwenye ngozi nyeusi huwa la zambarau, kahawia au kijivu, ndiyo maana wengine hukaa nalo miaka bila kutambuliwa.

Krimu ya steroidi huituliza kinga hiyo na kupunguza kasi ya seli. Lakini hupunguza pia utengenezaji wa kolajeni, nyuzi zinazoipa ngozi unene na nguvu. Kwenye kiwiko chenye baka gumu, hilo si tatizo kubwa kwa wiki chache. Usoni, kwapani, kinenani au chini ya matiti, steroidi kali ileile huweza kuiacha ngozi nyembamba, yenye mishipa inayoonekana na michirizi isiyofutika. Mikunjo ina shida ya ziada: ngozi hujifunika yenyewe, na joto na unyevu huisukuma dawa ndani. Kwa sababu hiyo hiyo, usifunge nailoni juu ya krimu bila daktari kukuambia.

Mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, unakataza steroidi kali usoni, kwenye mikunjo na sehemu za siri. Huko daktari huandika steroidi nyepesi kwa muda mfupi, au dawa isiyo steroidi kama takrolimasi. Kwingineko, steroidi kali isizidi wiki 8 mfululizo mahali pamoja, na ile kali kupindukia, kama klobetasoli, isizidi wiki 4. Kisha ngozi ipumzishwe kama wiki 4. Watoto hawapewi kabisa ile kali kupindukia.

Kiasi nacho kina kipimo chake. Kamua krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye mkunjo wa kwanza: hiyo ni kama nusu gramu, nayo yatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Ipake kwenye baka tu, si kwenye ngozi nzima iliyo pembeni. Mafuta ya kulainisha ngozi ndiyo ya kupaka kwa wingi na kila siku.

Wakati wa kupumzisha steroidi, wengi hupewa kalsipotrioli, jamaa ya vitamini D. Haipunguzi unene wa ngozi, ila mtu mzima asizidishe gramu 100 kwa wiki, maana kalsiamu huweza kupanda kwenye damu. Isichanganywe na asidi ya salisili, dawa ya kubandua magamba, kwani asidi hiyo huiua nguvu. Usoni huwasha, kwa hiyo nawa mikono baada ya kuipaka.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni kuacha ghafla. Aliyetumia steroidi kali eneo kubwa kwa muda mrefu, akiikatisha siku moja, soriasisi huweza kurudi kwa kishindo, hata kwa vijipu vya usaha au wekundu wa mwili mzima. Ikija na homa au kutetemeka, nenda hospitali siku hiyohiyo. Punguza dawa hatua kwa hatua, kwa mpango uliokubaliana na daktari.

Na utajuaje kwamba baka limepona? Baka likishapona huacha doa jeusi au jeupe linalodumu miezi, na watu wengi huendelea kulipaka steroidi wakidhani ugonjwa bado upo. Doa hilo ni rangi tu, na steroidi hailiondoi. Fumba macho, upapase. Vidole visipohisi magamba wala unene, steroidi imemaliza kazi yake hapo.