Mahindi Hayaharibiwi na Mvua Peke Yake: Tunayoyaamini Kimakosa Wakati wa Mavuno Malindi na Lamu

Ukitaka kusikia ushauri wa kila aina kuhusu kuvuna mahindi, pita Langobaya au Jilore mwezi wa Julai, au shika barabara ya Garsen uende Witu na Mpeketoni. Mahindi ya masika yamekomaa, mawingu ya kusi, upepo wa kusini, bado yanaingia kutoka baharini, na kila mtu ana lake la kusema. Mengine ni maarifa ya kweli. Mengine yametoka bara na hayatufai huku, na ndiyo hayo yanayotutia hasara.

"Masika yamekwisha, sasa ni jua tu"

Redio ikitaja mvua ndefu husema Machi hadi Mei, na mtu hufunga hesabu hapo. Pwani Mei ndio kilele, si mwisho. Kusi huendelea kusukuma manyunyu Juni na Julai, mara nyingine hata Agosti. Mbegu kama PH4, inayochukua miezi mitatu hadi minne, ikipandwa Aprili hukomaa katikati ya manyunyu hayo. Vuli nayo haina ahadi: 2019 na 2023 ilimwaga kupita kiasi. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa wiki kwa kila kaunti. Usomeni, hata kama umewahi kukosea.

"Yaache shambani yakaukie hukohuko"

Hii ndiyo inayokula magunia mengi. Chukua punje, ivunje kwenye ile ncha iliyokuwa imeshika gunzi. Ukiona doa jeusi, punje imemaliza kujaa, na siku unazoiacha shambani haziiongezei uzito wowote. Wakati huo huwa na unyevu wa kama asilimia 30 hadi 35, kwa hiyo ni kweli haijawa tayari kwa ghala, ila kutoka shambani iko tayari kabisa.

Mkulima wa Trans Nzoia anavuna kati ya Oktoba na Desemba, na kwake kusubiri kuna faida kwa sababu hewa inazidi kukauka. Sisi tunasubiri nini Julai? Ngedere na ndege wanakula juu, mabua yaliyoanguka yanalaza mahindi kwenye udongo mbichi, na yule dumuzi, mdudu tunayemwita Osama, huanza kutoboa punje zikiwa bado kwenye bua, kisha tunambeba wenyewe hadi nyumbani. Kama kweli huwezi kuvuna yote kwa wakati, kunja bua chini ya hindi ili ncha itazame chini na maji ya mvua yateleze juu ya maganda. Hilo linakununulia siku chache tu.

"Jua la Pwani linatosha"

Jua letu ni kali, hakuna anayebisha. Lakini kinachoondoa maji kwenye punje ni hewa inayopita juu yake, na hewa yetu mara nyingi imeshajaa maji. Angalia chumvi iliyo mezani. Chumvi ya kawaida huanza kulowa hewa ikifika unyevu wa kama asilimia 75. Siku ambayo chumvi inashikamana kwenye kikopo, mahindi yako yaliyokauka vizuri, ukiyaacha wazi, yanarudisha maji ndani. Na usiku wa Julai hewa ya huku hupita kiwango hicho bila shida. Mtu anakausha siku nne, analaza mahindi nje yakiwa wazi, kisha anashangaa kwa nini hayakauki.

Sasa hili ndilo watu wengi hawalijui: mahindi mabichi yenye unyevu wa asilimia 25 au zaidi hayahitaji jua. Yanaendelea kukauka hata chini ya mawingu, mradi yana paa juu na upepo unapita katikati. Kichanja chembamba kinafaa sana kwa kazi hiyo. Kijenge kwa fito, upana wa ndani usizidi kama sentimita 60, na ubavu mrefu ukingame na kusi. Weka mahindi yakiwa yamemenywa maganda. Ukikifanya kipana, mahindi ya katikati yanapata joto na kuota ukungu huku ya pembeni yakionekana safi.

Kazi ya jua ni ile sehemu ya mwisho, kutoka kama asilimia 16 kwenda chini. Hapo ndipo unapotandaza turubai asubuhi umande ukishatoka, unageuza kila mara, na kufunika kabla jioni haijaingia, si baada ya kuhisi baridi. Wagiriama waliojenga lutsaga, dari ya kuhifadhia mahindi, juu ya meko hawakukosa mahali pengine pa kuweka mahindi. Walikuwa wanayapa hewa ya moto na kavu kila siku chakula kinapopikwa, na moshi ukifukuza wadudu juu yake.

"Tafuna punje, ikilia ka! yamekauka"

Jino halitofautishi asilimia 16 na 13, na hapo katikati ndipo ghala linapoharibikia. Tumia chupa ya kioo iliyo kavu kabisa. Kaanga chumvi laini kidogo kwenye sufuria mpaka imwagike bila kushikana, kwa sababu chumvi ya Lamu iliyokaa wazi itakudanganya. Iache ipoe. Jaza punje theluthi moja ya chupa, tia vijiko vitatu vya chumvi, funga, tikisa dakika moja, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana zaidi ya asilimia 15. Ikirudi chini yote, umeshuka hapo, lakini usifunge gunia bado: soko linataka yasizidi asilimia 13.5. Rudisha kwenye turubai siku moja au mbili zaidi.

"Ongeza vibarua, maliza kwa siku moja"

Mvua ikitisha, kila mwenye shamba anatafuta vibarua siku hiyohiyo. Wanavuna haraka, wanamwaga lundo nyuma ya nyumba, na lundo hilo la mahindi mabichi linaanza kufuka joto kabla ya kesho kutwa. Kinachoamua kasi ya mavuno ni nafasi ya kukaushia. Gunia la kilo 90 ukilitandaza kwa kimo cha sentimita nne linahitaji kama mita tatu za mraba. Magunia kumi ni mita 30. Pima turubai na kichanja chako kwanza, ndipo uite watu.

"Kukausha ni kupoteza kilo"

Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 25 zikishuka hadi 13 hubaki kama 86. Zilizopotea ni maji, na dalali anayekimbilia kununua mabichi anajua hivyo; bei yake imeshayakata maji hayo na ziada.

"Ukungu unaoshwa, kisha unapikwa"

Kuvu wa kijani-manjano anaweza kutoa sumu iitwayo aflatoksini, na sumu hiyo haifi kwa kuchemsha ugali wala kwa kuanika juani. Unaweza kuosha ukungu ukaondoka machoni na sumu ikabaki ndani ya punje. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na maeneo jirani, watu 125 walikufa kwa kula mahindi ya aina hiyo. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyohiyo. Kiwango kinachokubaliwa ni sehemu 10 tu kwa bilioni.

Mifuko ya kuzuia hewa, kama PICS, ni mizuri na inaua wadudu bila dawa. Lakini inahifadhi kile ulichoweka: ukifungia mahindi yenye maji, umefungia maji.

Halafu kuna wale wanaosema, basi wapewe kuku na ng'ombe. Kuku hudhoofika na hupunguza kutaga, na ng'ombe hupitisha sehemu ya sumu kwenye maziwa ambayo jioni mtoto anawekewa kwenye chai. Mahindi yaliyoota ukungu yachimbiwe shimo mbali na kisima.