Je, wajua kwa nini mwalimu aliyekaa na watu hufundisha mila zao tofauti na kitabu?

Fungua kitabu cha mila za makabila yetu, utakutana na sentensi za aina hii: Waluo huamini, Wabukusu hufanya. Ukitafuta mtu ndani yake humwoni. Mwalimu aliyefanya utafiti nyanjani, akala na watu na kukesha nao matangani, hupata taabu kuitamka sentensi hiyo. Anawakumbuka waliokubali, na pia waliobisha.

Chukua boma la Kiluo lililojengwa kwa mfano kwenye Makumbusho ya Kisumu. Nyumba ya mke mkubwa inatazamana na lango, na simba, yaani nyumba za wana wa kiume, ziko karibu na lango. Mwanafunzi ananakili mchoro, anapata alama zake, basi. Lakini mwalimu aliyekaa Seme au Nyakach, huko kwa Waluo, atasimulia yasiyo kwenye mchoro: mwanamume amefia mjini bila kujenga kwao, na vijana wa ukoo wanapigilia mabati chapuchapu kabla maiti haijafika, maana mtu mzima hazikwi kama mgeni nyumbani kwa babake. Papo hapo darasa linaamka. Nani alinunua mabati? Mjane alisema nini? Je, kuna aliyeona ni gharama ya bure? Maswali hayo ndiyo elimu yenyewe, na mchoro hauwezi kuyazaa.

Aliyelielewa hili vizuri ni Henry Odera Oruka, mzaliwa wa Ugenya aliyefundisha falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi. Kuanzia miaka ya 1970 aliwaendea wazee wenye hekima vijijini, akawahoji na kuwarekodi, baba yake mzazi akiwemo, kisha akachapisha mazungumzo hayo kwa majina yao. Mmoja wao, Paul Mbuya Akoko, alisema Waluo walikosea kudhani wana Mungu wao na wazungu wana wao. Miungu ingekuwa mingi, maumbile yangevurugika. Mzee anawakosoa watu wake mwenyewe! Kitabu cha “Waluo huamini” kingemfuta kabisa. Mwaka 1987, kwenye kesi maarufu ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, mjane na ukoo wakishindania mahali pa kumzika, Oruka aliitwa mahakamani kutoa ushahidi kuhusu mila za Waluo.

Hata hivyo, “mimi niliona kwa macho yangu” ni kauli ya kuangaliwa. Bronislaw Malinowski, mtaalamu wa anthropolojia aliyekaa visiwa vya Trobriand, Bahari ya Pasifiki, kati ya 1915 na 1918 na baadaye kumfundisha Jomo Kenyatta huko London, alisifiwa kwa kuishi na wenyeji. Shajara yake ilipochapishwa mwaka 1967, yeye akiwa ameshafariki, wasomaji walikuta hasira na dharau kwa watu haohao. Kuwapo mahali hakukufanyi uwaone watu sawasawa.

Tena kuna suala la lini. Tohara ya Wabukusu hufanyika miaka ya shufwa, hasa Agosti. Aliyefika Bungoma, kwao Wabukusu, mwezi huo atarudi na habari za vijana waliopakwa matope, njuga mikononi na nyimbo za usiku kucha. Aliyefika mwaka wa witiri atarudi na habari za mahindi na karo ya shule. Wote wawili wamesema kweli, ila wanafunzi wasipoambiwa tarehe watadhani kila mmoja ameiona Bungoma nzima. Na darasani Maseno au Kakamega huenda ameketi kijana aliyepitia jando hilo mwenyewe. Akinyoosha mkono kusahihisha, mwalimu mwenye akili anampa chaki.

Kwa hiyo kisa cha nyanjani kiletwe na vielelezo vyake: ilikuwa lini, boma la hali gani, nani alizungumza na nani alinyamazishwa, mkalimani alikuwa nani. Majina ya wenyewe yabadilishwe wasiporuhusu yatajwe. Ugomvi wa matangani ni wa familia ile, na wajukuu wao wanaweza kuwa wameketi dawati la nyuma.