Dume Hupimwa kwa Watoto Wake: Mkasa wa Shamba la Farasi la Calumet

Mfugaji wa Mbarara au Kiruhura, nchini Uganda, akitafuta dume la kupandisha ng'ombe wake, macho huenda kwenye pembe, rangi na mgongo. Sisi wa uzalishaji wa mifugo tunamuuliza jambo jingine: majike aliowazaa wanakamuliwa lita ngapi? Swali la namna hiyo ndilo lililolitajirisha shamba la Calumet, huko Lexington, Kentucky, nchini Marekani.

William Monroe Wright, tajiri wa baking pauda, alilianzisha mwaka 1924 kwa farasi wa kuvuta vigari vya mashindano. Mwanawe Warren alipolirithi akageukia thorobredi, farasi wa mbio wanaopandwa mgongoni. Mwaka 1936 alinunua dume mchanga, Bull Lea, kwa dola 14,000. Mbioni alijitahidi, ila kwenye Kentucky Derby ya 1938, mbio maarufu za farasi za Marekani, alifika wa nane. Maajabu yalikuja alipoanza kuzaa. Mara tano aliongoza madume wote wa Marekani kwa fedha za ushindi zilizovunwa na watoto wake, na watatu kati yao, Citation, Hill Gail na Iron Liege, walishinda Derby hiyo iliyomshinda baba yao.

Citation alishinda mbio 19 kati ya 20 mwaka 1948, akatwaa mbio tatu kubwa, Derby, Preakness na Belmont, kwa pamoja, kama Whirlaway wa shamba hilohilo mwaka 1941. Baadaye akawa farasi wa kwanza kuvuna dola milioni moja. Sifa nyingi hupewa Bull Lea. Mimi humtaja mama kwanza: Hydroplane, aliyenunuliwa Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na kusafirishwa kupitia Bahari ya Pasifiki ili kuzikwepa nyambizi za Wajerumani. Nusu ya damu ni yake, jambo ambalo wafugaji wetu wengi wanaolipia dume ghali hulisahau.

Thorobredi haandikishwi kama mimba ilitokana na uhimilishaji, yaani kupandikiza mbegu kwa chombo. Lazima dume na jike wakutane. Ng'ombe wetu hawana sheria hiyo. Mbegu iliyogandishwa ya dume mmoja hufikia maelfu ya majike, kwa hiyo dume mbovu naye huenea upesi, na asiyeandika kumbukumbu za uzazi hatajua kasoro ilitoka wapi.

Calumet nayo iliponzwa na kumtegemea dume mmoja. Alydar, aliyekuwa wa pili nyuma ya farasi Affirmed katika mbio zote tatu kubwa za 1978, ndiye aliyekuwa akiliingizia shamba fedha. Novemba 1990 alivunjika mguu, akauawa kumwondolea mateso. Madeni yalikuwa mengi tayari. 1991 shamba likafilisika, na mwaka uliofuata likauzwa.

Wamiliki wapya waliendelea kuzalisha. Rich Strike, mshindi wa Derby ya 2022 ambaye karibu hakuna aliyemtarajia, alizaliwa kwao. Mwaka uliotangulia walikuwa wamemwachia kwa dola 30,000.