Jubilei ya Malkia: pesa za halmashauri zilikwenda wapi, na kwa nini tarehe 18 Mei 2022 haikupaswa kukupita

Kuanzia Alhamisi tarehe 2 hadi Jumapili tarehe 5 Juni 2022, Uingereza iliadhimisha miaka 70 tangu Malkia Elizabeth II arithi kiti cha enzi akiwa ziarani Kenya. Wakazi na vyama vya kijamii, vikiwemo vya Waafrika Mashariki, walikuwa wakizipigia simu halmashauri za miji kwa wingi, na swali la kwanza lilikuwa lile lile: Ikulu imetoa kiasi gani, na fungu letu liko wapi?

Hakukuwa na fungu kutoka Ikulu. Halmashauri za England na Wales hutumia bajeti zao wenyewe, chini ya kifungu cha 145 cha Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1972 kinachoziruhusu kugharamia burudani kwa umma. Bajeti hiyo hupitishwa na madiwani kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Aprili. Anayekuja Mei kuomba pauni 2,000 za hema na bendi anaomba kitu kilichokwishagawanywa, na ofisa anayemkatalia hamwonei.

Wengine wanalalamika kwamba halmashauri inatumia pesa nyingi kwa mambo yasiyoonekana. Ni kweli, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Chukua bustani inayotarajia watu 3,000 kwa saa sita au zaidi, nusu wanawake na nusu wanaume. Kipimo kilichozoeleka ni choo kimoja kwa kila wanawake 100; kwa wanaume ni choo kimoja kwa kila 500 na sehemu moja ya haja ndogo kwa kila 150. Hapo unakodi vyoo 15 vya wanawake, 3 vya wanaume na sehemu 10 za haja ndogo, na bado hujagusa vyoo vya wenye ulemavu. Ongeza huduma ya kwanza, vizuizi, walinzi, jenereta na wafagiaji wa usiku. Jukwaa hupata kinachobaki.

Ruzuku za nje zilikuwepo. Mfuko wa Jamii wa Bahati Nasibu ya Taifa ulitenga pauni milioni 3.5 kwa jubilei hiyo, hadi pauni 50,000 kwa mradi. Baraza la Sanaa la England lilitenga pauni milioni 5, hadi pauni 10,000 kwa ombi. Miradi mingi ya aina hii hukwama mahali pamoja: akaunti ya benki iko kwa jina la mwenyekiti. Mfadhili anataka katiba iliyoandikwa, akaunti kwa jina la chama, na waweka saini wawili wasio ndugu. Mume na mke hawahesabiki kuwa wawili.

Sasa barabara. Nje ya London, halmashauri nyingi hufunga mtaa kwa kutumia kifungu cha 21 cha Sheria ya Polisi wa Miji ya mwaka 1847, na nyingi zilifuta ada kwa wikendi ile ya jubilei. Muda wa maombi unatofautiana, kwa kawaida kati ya wiki 4 na 12. Mtaa wenye njia ya basi au barabara kuu usitegemee kufungwa. Peleka ramani yenye ncha zote mbili za kufunga, saa za kuanza na kumaliza, na uthibitisho kwamba kila nyumba imearifiwa, pamoja na ile ya jirani msiyesalimiana. Yeye ndiye atakayepinga, na pingamizi lake likifika mapema linajibika.

Meza zipangeni upande mmoja wa barabara ili ibaki nafasi wazi ya mita 3.7, ambayo gari la zimamoto linahitaji ili lipite. Kila ncha iwe na kizuizi na mtu mzima mwenye uwezo wa kukiondoa mara moja. Msiegeshe lori kama kizuizi, maana funguo zake hupotea saa zinapotakiwa. Bendera na mapambo msifunge kwenye nguzo za taa bila idhini. Vitambaa vilivyolowa vikipigwa na upepo huvuta nguzo kwa nguvu ambayo haikujengewa.

Hafla ya majirani isiyotangazwa kwa umma, isiyo na lengo la kupata faida na isiyouza pombe haihitaji leseni. Tatizo ni kwamba watu wanauza pombe huku wakisema hawauzi. Bia inayotolewa kwa "mchango" wa lazima ni bia iliyouzwa. Kadi ya kiingilio ya pauni 10 "pamoja na kinywaji" ni mauzo vilevile. Hata chakula cha moto kinachouzwa kwa umma kati ya saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri kinahitaji idhini, kwa hiyo mchoma nyama naye anahusika.

Dawa yake ni kuipelekea halmashauri taarifa ya tukio la muda (Temporary Event Notice), yaani idhini ya tukio moja, chini ya Sheria ya Leseni ya mwaka 2003. Ada ni pauni 21, watu wasizidi 499 kwa wakati mmoja, wakiwemo wahudumu na wanamuziki, na muda usizidi saa 168. Taarifa lazima ifike siku kumi kamili za kazi kabla ya tukio. Siku ya kupokelewa haihesabiwi, siku ya tukio haihesabiwi, wala Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Kwa tukio la Jumamosi tarehe 4 Juni 2022, tarehe 2 na 3 zilikuwa mapumziko, kwa hiyo hesabu ilianzia tarehe 1 Juni kurudi nyuma na siku ya kumi ilikuwa tarehe 19 Mei. Taarifa ilipaswa iwe imefika tarehe 18 Mei. Aliyehesabu "wiki mbili" alichelewa.

Taarifa ya kuchelewa ilipokelewa hadi tarehe 25 Mei kwa tukio hilo hilo, lakini polisi au idara ya afya ya mazingira ikipinga, mambo yamekwisha hapo: hakuna kikao cha kusikilizwa. Ofisa hana mamlaka ya kukuongezea hata siku moja, na kumpigia diwani hakubadilishi kitu.

Kuuza bila idhini, au kuzidisha watu 499, ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 136 cha Sheria hiyo ya Leseni: faini isiyo na kikomo, kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili. Na tafadhali, ile nyongeza ya saa za kuuza pombe iliyotolewa kwa jubilei, hadi saa saba usiku, kuanzia Alhamisi hadi Jumamosi, ilikuwa ya baa na klabu zenye leseni tayari. Haikugusa tukio la muda. Saa zako ni zile ulizoandika kwenye fomu.

Bahati nasibu ya papo kwa papo haihitaji leseni, mradi tiketi ziuzwe kwenye tukio lenyewe tu, na kutoka kwenye makusanyo msitoe zaidi ya pauni 500 za zawadi na pauni 100 za gharama. Kinachobaki kiende kwa hisani. Zawadi mlizopewa bure hazimo katika kikomo hicho.

Wakazi wa Scotland na Ireland Kaskazini wana sheria zao za leseni na barabara. Wasihesabu kwa njia hii bila kuuliza halmashauri zao.