Heidenheim haikupaki basi

Nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa kocha mwenzangu ninayemheshimu na ambaye timu yake imepanda daraja: kwamba klabu inayopanda ina njia moja tu ya kunusurika, nayo ni kurudi nyuma, kupaki basi, yaani kujazana mbele ya goli lako, na kuombea sare. Ushahidi alioutoa ni uleule ninaopewa kila mara: "Si umeona walivyofanya Heidenheim kule Ujerumani?" Kazi yangu ni kukata video za mechi na kuhesabu yaliyomo ndani yake, na mechi za Heidenheim za msimu wa 2023/24 nimezitazama kuliko inavyomfaa mtu mwenye familia. Mfano huo hausemi kile unachosemeshwa.

Historia yenyewe nitaipitia haraka. Heidenheim ni mji wa watu takriban 50,000, uwanja wake unachukua watazamaji 15,000, na kocha Frank Schmidt aliichukua timu mwaka 2007 ikiwa bado katika ligi ya mikoa. Ilifika daraja la pili mwaka 2014, na Mei 2023 ikapanda Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, kwa mechi dhidi ya Regensburg ambayo mashabiki wa Hamburg hawajaisahau: ilikuwa nyuma kwa mabao 2-0, ikashinda 3-2 kwa mabao mawili ya dakika za nyongeza, wakati Hamburg walikwishaanza kushangilia kupanda kwao katika uwanja mwingine.

Sasa tuutazame msimamo wa msimu uliofuata. Heidenheim ilimaliza ya nane kwa pointi 42, ikiwa imeshinda mechi 10, imetoka sare 12 na imepoteza 12. Ilifunga mabao 50 na kufungwa 55. Mabao 55 katika mechi 34 ni zaidi ya bao moja na nusu kwa kila mechi, na sielewi ni basi la aina gani linaloacha milango wazi kiasi hicho. Mainz ilifungwa mabao 51, machache kuliko Heidenheim, ikamaliza ya 13 baada ya kuhangaika karibu msimu mzima. Hoffenheim ilifungwa 66 ikawa ya saba, kwa sababu nayo ilifunga 66. Borussia Mönchengladbach ilifungwa 67 na haikushuka.

Hata hivyo mfano ninaoupenda zaidi ni wa Köln, iliyoshuka moja kwa moja msimu huohuo. Köln ilitoka sare mara 12, sawasawa kabisa na Heidenheim, na ilifungwa mabao 60, yaani matano tu zaidi. Lakini ilifunga 28, ikashinda mechi tano na kuishia na pointi 27. Pointi 15 zilizozitenganisha timu hizo mbili ni ushindi wa mechi tano, na hakuna kingine. Sisemi kwamba Köln walipaki basi, kwa kuwa hawakupaki. Ninasema kwamba mtu akikuonyesha jedwali hilo na kukwambia siri ya Heidenheim ilikuwa sare na ulinzi, hajalisoma.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tangu msimu wa 1995/96 ushindi wa Bundesliga una pointi tatu. Ukicheza kwa tahadhari hadi mechi moja uliyokuwa uishinde ikageuka sare, umepoteza pointi mbili. Ukigeuza kichapo kimoja kuwa sare, umepata moja. Kwa hiyo kila ushindi unaoutoa sadaka lazima ulipiwe na vichapo viwili vilivyogeuzwa kuwa sare, ndipo urudi pale ulipoanzia, kabla hujapata faida yoyote. Nimewaeleza makocha jambo hili ubaoni, wakatikisa vichwa kukubali, na Jumamosi wakapanga mabeki watano.

Hapo ndipo linapokuja jibu ninalolijua kabla halijatamkwa: "Mbona Heidenheim walikuwa hawamiliki mpira?" Ni kweli, katika mechi nyingi walikuwa nao kwa muda mfupi kuliko wapinzani wao. Lakini kutomiliki mpira na kupaki basi ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya ndiko kunakonikera kuliko makosa mengine yote ya uchambuzi wa redioni. Anayepaki basi anausubiri mpira mbele ya kumi na nane yake, na akiupata anaubutua popote ili apumue. Heidenheim waliuacha mpira kwa makusudi katika maeneo yasiyo na madhara, wakangoja ishara: pasi ya nyuma iliyopigwa dhaifu, au beki wa pembeni anayeupokea akiwa ameupa mgongo uwanja. Hapo Tim Kleindienst, mshambuliaji wa mita 1.94 ambaye wengi walidhani yupo kwa ajili ya vichwa tu, alikuwa wa kwanza kuondoka, na wenzake wakamfuata kwa pamoja. Mpira ulioporwa mita 35 kutoka goli la mpinzani hauhitaji pasi 20 kufika langoni.

Kisha kuna mipira ya kutenga, ambayo watu huitaja kana kwamba ni sadaka inayomwangukia mnyonge. Kona haipatikani kwa kukaa nyuma. Ili Jan-Niklas Beste apige kona kwa mguu wake wa kushoto kutoka upande wa kulia, mpira ukijipinda kuelekea goli na Kleindienst akiuvamia, lazima kwanza timu iwe imefika kule kwenye kibendera, na kufika kule kuna gharama: unaacha nafasi nyuma yako. Mabao 55 waliyofungwa ndiyo malipo ya gharama hiyo. Kwa maoni yangu walilipa bei nzuri.

Kama hesabu hazikuridhishi, tazama mechi. Septemba 2023, Heidenheim ilikuwa nyuma 2-0 Dortmund kabla ya dakika ya 20, ikatoka 2-2. Machi 2024, nyuma 2-0 Stuttgart, kwa timu iliyomaliza ya pili, ikatoka 3-3. Wiki iliyofuata, Aprili 6, ilikuwa nyuma 2-0 nyumbani dhidi ya Bayern hadi mapumziko. Kevin Sessa akafunga dakika ya 50, Kleindienst dakika ya 51 na tena dakika ya 79, na mechi ikaisha 3-2. Aliyepaki basi akifungwa mawili hana mpango wa pili. Hawa waliendelea na ule wa kwanza.

Nisije nami nikajenga hekaya yangu. Nafasi ya nane inavutia masikioni, lakini Heidenheim, Werder Bremen na Freiburg zote zilimaliza na pointi 42. Siku ya mwisho Heidenheim iliifunga Köln 4-1, na Bremen nayo ikaifunga Bochum 4-1, kwa hiyo kilichoamua nani wa nane na nani wa tisa ni tofauti ya bao moja: hasi tano dhidi ya hasi sita. Hata tiketi ya Ligi ya Konferensi, shindano la tatu la klabu za Ulaya, ilitegemea fainali ya Kombe la Ujerumani ambayo Heidenheim haikucheza. Kama Kaiserslautern ya daraja la pili ingeifunga Leverkusen, ingechukua nafasi ya Ulaya na mlango ungefungwa. Leverkusen ilishinda 1-0. Anayekwambia kwamba nafasi ya nane ni matunda ya falsafa peke yake anakuuzia semina.

Na kuna jambo ambalo mwenzangu angelijua angelitumia dhidi yangu, basi afadhali nilitaje mwenyewe. Msimu wa 2024/25 zilipanda St. Pauli na Holstein Kiel. St. Pauli ilifunga mabao 28, idadi ileile iliyoizamisha Köln, lakini ikafungwa 41 tu na kubaki kwa pointi 32. Kiel ilifunga 49, pungufu ya Heidenheim kwa bao moja, ikafungwa 80 na kushuka. Nimeikalia mifano hiyo miwili kwa muda mrefu na sina maelezo yanayoniridhisha. Naweza kusema St. Pauli nao hawakupaki basi, bali walilinda kwa mpangilio na mpira wakiwa nao, na hilo ni kweli. Lakini ninajua pia kwamba ndivyo kila mchambuzi anavyojitetea mfano unapomgomea.

Shaka yangu ya pili inaihusu Heidenheim yenyewe. Baada ya msimu ule, Kleindienst alikwenda Mönchengladbach, Beste akaenda Benfica, na Eren Dinkçi, aliyekuwa kwa mkopo kutoka Bremen, akahamia Freiburg. Watatu hao walifunga mabao 30 kati ya yale 50. Msimu uliofuata mabao yalishuka hadi 37, ya kufungwa yakapanda hadi 64, pointi zikawa 29 na nafasi ya 16. Mfumo ulikuwa uleule na kocha yuleyule, kwa hiyo siwezi kutenganisha kwa uhakika ni kiasi gani kilikuwa cha mfumo, ni kiasi gani cha miguu ya watu watatu, na ni kiasi gani kiliibwa na safari za Alhamisi za Ligi ya Konferensi.

Nafasi ya 16 iliipeleka kwenye mchujo wa kuwania kubaki Bundesliga, dhidi ya Elversberg ya daraja la pili, Mei 2025. Nyumbani ilifungwa mawili kipindi cha kwanza, ikasawazisha 2-2. Marudiano yalikuwa 1-1 hadi dakika ya tano ya nyongeza, na sare ilikuwa inatosha kuipeleka mechi kwenye dakika 30 za ziada, Leo Scienza alipoifungia Heidenheim bao la pili.